Mlima wa Tatu

Hotuba ya mjumbe wetu anayeishi Bradford, Uingereza, aliyoitoa katika mkutano mkuu wa mwaka uliofanyika hapa Usangi mwezi Desemba. Tunaichapisha kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.

   

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo sitarudia majina. Nashukuru kupewa dakika 20 za kusema nanyi. Kwa Mpare, kupewa kitu cha bure ni jambo la kushukuru mara mbili.

Kamati imeniomba nieleze habari za zile mbio za baiskeli ambazo wengi wenu mlizichangia, maana maneno yamekuwa mengi. Wengine wamesikia nimekuwa mwanamichezo wa kulipwa. Wengine wamesikia nilianguka mlimani nikavunjika mguu. Sijalipwa, na mguu wenyewe ni huu hapa, nimeusimamia. Mimi ni muuguzi, nina miaka 47, nina watoto wawili, na kuendesha baiskeli nilijifunza nikiwa na miaka 39. Mnajua sababu. Huku kwetu milima ni mikali, baiskeli yenyewe ilikuwa ya kuhesabika kitongoji kizima, na msichana aliyeonekana juu ya baiskeli alikuwa na kesi ya kujibu nyumbani. Na sisi kesi hatuzikimbii, lakini ile ilikuwa haina rufaa.

Nianze na swali la mama. Siku nilipompigia simu kumweleza mbio hizi alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, baiskeli si ndiyo ya kukubeba wewe? Sasa mbona wewe ndiye unayeibeba?"

Ni swali la haki. Ngoja nilijibu taratibu.

Mchezo wenyewe unaitwa saiklokrosi. Ni mbio za baiskeli zinazofanyika nje ya barabara, kwenye matope, majani, mchanga na vilima, wakati wa vuli na baridi ya Ulaya. Ulianzia Ufaransa, na mwaka 1902 Wafaransa walifanya mashindano yao ya kwanza ya taifa. Ubingwa wa dunia ulianza 1950. Siku hizi wenye mchezo ni Wabelgiji na Waholanzi. Ubelgiji watu hulipa kiingilio, wakasimama kwenye matope maelfu kwa maelfu, na kubishana juu ya Wout van Aert na Mathieu van der Poel kama sisi tunavyobishana juu ya Simba na Yanga. Mashindano ya kawaida huchukua kama saa moja, watu wakizunguka njia fupi ya kilomita tatu hivi. Humo ndani huwekwa vizuizi makusudi, ili mwendeshaji ashuke, atie baiskeli begani, akimbie nayo, kisha aipande tena bila kusimama.

Mimi sikuingia katika hayo ya saa moja tu. Karibu na ninapoishi, huko Yorkshire, kuna mbio zinazoitwa Three Peaks, yaani vilele vitatu. Zina historia. Mwaka 1959 kijana wa shule, Kevin Watson, alivizunguka vilele hivyo vitatu na baiskeli kwa muda usiofika saa saba. Mwaka 1961 yakafanyika mashindano ya kwanza, akashinda John Rawnsley, na baadaye yeye huyo huyo aliyaandaa kwa karibu miaka 50. Hufanyika Jumapili ya mwisho ya Septemba. Njia ni kilomita 61. Kati ya hizo, kama 28 ni barabara ya lami na 33 ni mlimani, na huko mlimani kuna kilomita sita hadi nane ambazo baiskeli haiendesheki hata kidogo. Hapo ndipo unaibeba. Ukijumlisha kupanda kote, unafika mita 1,500 na kitu.

Vilele vyenyewe ni Ingleborough, mita 723. Whernside, mita 736. Na Pen-y-ghent, mita 694. Naona wazee wanacheka. Ni kweli, Kindoroko yetu ina mita zaidi ya 2,100. Hata sebule ya mama yangu iko juu kuliko kilele cha Whernside. Nami nilicheka hivyo hivyo. Nikasema, mimi mtoto wa Usangi, niliyeshuka na kupanda na ndoo kichwani tangu nina miaka sita, nitatishwa na vilima hivi? Nikajaza fomu. Kisha nikawapigia simu ninyi.

Mnakumbuka mpango tuliokubaliana. Zahanati yetu ilikuwa inajengewa chumba cha akina mama wanaosubiri kujifungua, wale wa vitongoji vya mbali, ili wiki zao za mwisho wakae karibu na mkunga badala ya kushika njia usiku. Msingi tuliuchimba kwa msaragambo. Kuta zikapanda mpaka kwenye lenta. Paa likabaki. Kamati ilipiga hesabu ya mbao, mabati na fundi, ikapata shilingi milioni tisa. Basi nikasema nitapanda milima mitatu, na kila mwenye moyo aahidi kiasi chake kwa kila mlima. Watu 62 wakaahidi, hapa nyumbani, Dar es Salaam, Arusha, na wenzetu wa nje. Jumla ya ahadi ilizidi hata hizo milioni tisa.

Sasa niwaambie nilivyojiandaa, maana nilijiandaa vibaya na nataka mjue.

Baiskeli nilinunua kuukuu. Kanuni zao ni kali: lazima iwe baiskeli ya saiklokrosi yenye mikono iliyopinda kwenda chini, na tairi isizidi milimita 35 kwa upana. Ukija na baiskeli ya mlimani yenye tairi nene unarudishwa. Lazima pia ubebe filimbi na mfuko wa kujifunika usife kwa baridi ukikwama juu. Vyote nikawa navyo. Kisha kwa miezi saba nikafanya kile kilichokuwa rahisi kwangu. Nikitoka zamu ya usiku nalala, jioni naendesha barabarani, kilomita 30, kilomita 40. Kasi ikaongezeka. Nikajiona niko tayari.

Njia yenyewe ya mbio huwezi kuifanyia mazoezi kwa baiskeli. Sehemu kubwa inapita kwenye mashamba ya watu na njia za waenda kwa miguu, na wenye ardhi wanaruhusu baiskeli siku ile moja tu kwa mwaka. Wenzangu wazoefu walinishauri nikatafute vilima vingine, nibebe baiskeli, nipande nayo kwa miguu, nishuke nayo mbio. Walisema: kupanda hakutakushinda, kitakachokushinda ni muda utakaokuwa begani, na pancha utakazopata ukiteremka. Niliwasikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayemweleza njia ya kwenda kwao. Nilijua kubeba. Nani hapa hajui kubeba?

Siku ikafika. Tulianzia Helwith Bridge asubuhi, mamia ya watu. Kilomita za kwanza ni lami, na nilikwenda vizuri. Kisha tukaacha barabara tukaingia majani yenye maji, na mbele yetu ukasimama mgongo wa Simon Fell, ambao ndio mlango wa Ingleborough. Ndugu zangu, pale hakuna njia. Ni ukuta wa majani. Watu walikuwa wamejipanga kama siafu, kila mmoja na baiskeli begani, anashika majani kwa mkono mmoja asirudi chini. Kumbe kubeba kichwani na kubeba begani ni vitu viwili. Ndoo ukiiweka kichwani, mgongo unasimama wima na shingo inajua kazi yake. Baiskeli begani inakuvuta upande mmoja, chuma kinakula mfupa, na gurudumu la mbele linageuka kukupiga usoni kila upepo unapovuma. Nilifika juu bega likiwa jekundu, miguu inatetemeka.

Kushuka kukawa kubaya zaidi. Upepo wa tairi zangu ulikuwa mdogo mno. Tairi nyembamba ikigonga jiwe la chokaa na upepo hautoshi, rimu inaibana tyubu juu ya jiwe na kuitoboa matundu mawili pamoja. Nilipata pancha moja. Nikabadilisha tyubu, vidole vimekufa ganzi, dakika 15. Mita chache mbele nikapata ya pili. Tulipofika barabarani Cold Cotes, wengi niliowapita kwenye lami walikuwa wameshanipita na kupotea.

Whernside niliupanda kwa ukaidi tu. Huko kuna ngazi za mawe, na kushuka kwake ni kwenye mawe bapa yaliyopangwa na kuachiwa mifereji ya maji katikati, ambayo ukiikosea gurudumu linazama nawe unapita juu ya mikono. Nilishuka kwa miguu. Chini yake ni Ribblehead, kwenye lile daraja kubwa la reli la matao 24. Pale pana kituo cha muda. Asiyefika kwa wakati haruhusiwi kuendelea, kwa sababu watu wa uokoaji hawawezi kukaa mlimani mpaka usiku kumsubiri mmoja. Nilikuwa nimechelewa dakika 11. Mzee aliyekuwa hapo alikuwa mpole sana. Aliniambia pole, akanipa chai, akaniomba namba yangu. Mlima wa tatu niliuona kwa mbali, umekaa kama simba aliyelala, nami nikapandishwa kwenye gari.

Nilituma ujumbe kwenye kundi letu jioni ile, nikasema ukweli: milima miwili. Wengi mlinipa pole, na wengi mlilipa yote mitatu, Mungu awabariki. Lakini mjomba wangu mmoja, ambaye yuko hapa na ameniruhusu nilisimulie hili mradi nisimtaje, alinipigia simu. Akasema: "Mwanangu, nilikuahidi laki moja kwa kila mlima. Umepanda miwili. Nimetuma laki mbili. Hesabu ni hesabu."

Cheka tu mjomba, ndiwe huyo.

Sikuchukia. Yeye alilipa alichoahidi, tena siku ile ile. Walionisumbua moyo ni wengine. Kufikia Januari, zilikuwa zimeingia shilingi milioni sita na laki nne. Pengo halikutokana na mlima wa tatu peke yake. Watu 19 walioahidi hawakutuma hata shilingi, wala kwa mlima wa kwanza. Siwataji, na hata orodha sikuja nayo. Nataka tu mjue kilichofuata.

Fundi alinunua mbao, mabati hayakutosha, kazi ikasimama. Masika ikaingia. Mvua ikanyesha juu ya kuta zisizo na paa tangu Machi mpaka Mei. Mnajua mvua ya kwetu. Kozi mbili za juu zikalegea, ikabidi zibomolewe na kujengwa upya, na gharama ikapanda. Tulilipa mara mbili kwa sababu hatukumaliza mara moja.

Na mwezi wa Aprili, usiku, nikiwa zamuni, nilipata ujumbe kutoka nyumbani. Mama mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ya wale ambao wangekaa katika chumba kile, alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Wanaume wakamtia kwenye machela kama enzi za bibi zetu, wanne wakibeba, wanne wakifuata kupokezana bega. Hawakufika. Mtoto alizaliwa njiani chini ya migomba, taa ikiwa ni simu ya mtu. Mama na mtoto ni wazima, na tunamshukuru Mungu. Lakini mimi ni muuguzi, ninajua jinsi usiku ule ungeweza kuisha. Nilikaa kwenye chumba cha dawa nikalia, kisha nikanawa uso nikaendelea na wagonjwa.

Asubuhi yake nikajaza fomu tena.

Safari hii sikujidanganya. Nilikaa na karatasi nikaandika mambo yaliyonishinda, moja moja, na kila moja nikalipa dawa yake.

La kwanza, bega. Wenzangu Waingereza hufunga sponji kwenye chuma cha juu cha fremu. Mimi nilichukua kanga kuukuu, nikasuka ngata, ile ile ya kubebea mkungu wa ndizi, nikaifunga pale chuma kinapokaa begani. Nikajifunza kupitisha mkono wa kulia chini ya fremu na kushika mkono wa kushoto wa usukani, ili gurudumu la mbele litulie. Kisha nikaanza kubeba. Mara mbili kwa wiki nilipanda ngazi za jengo la ghorofa tisa ninaloishi, baiskeli begani, mchele kilo tano mgongoni. Wiki ya kwanza niliweza mara mbili. Niliongeza mara moja kila wiki mbili, si zaidi, hata nilipojisikia nina nguvu. Majirani waliacha kunishangaa, wakaanza kunifungulia mlango.

La pili, kupanda kwa miguu. Jumamosi nilikwenda vilimani nikatembea kwa haraka, saa mbili, saa tatu, bila baiskeli kabisa. Rob Jebb, ambaye ameshinda mbio hizi mara nyingi, ni mkimbiaji wa milimani. Hilo lingenifundisha mapema kama ningetaka kufundishwa.

La tatu, pancha. Niliongeza upepo, nikavumilia kurushwa rushwa. Na kila Jumatano usiku, watoto wakishakula, nilizima taa ya jikoni, nikavaa glavu, nikabadilisha tyubu gizani. Mara ya kwanza ilichukua dakika 14. Ya mwisho, dakika nne na nusu. Mwanangu mkubwa alikuwa anashika saa.

La nne, chakula. Mwaka wa kwanza nilibeba vile vyakula vya pakiti vyenye sukari, tumbo likagoma. Mwaka wa pili alfajiri nilikunywa uji wa karanga, na mfukoni nikaweka tende. Jioni ya kuamkia mbio nilikula makande. Hayo wazungu hawana.

La tano ni la moyo. Nilikuwa naona aibu kuomba msaada. Mwaka wa kwanza nilikwenda peke yangu. Wa pili mume wangu alisimama Cold Cotes na gurudumu la akiba, na wanangu wakasimama Ribblehead na chai.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kubwa. Hakuna siku niliyofanya jambo la kusimuliwa. Nina daftari la mazoezi, na ukilisoma utasinzia: ngazi mara tano, ngazi mara tano, ngazi mara sita. Kuna wiki niliumwa, kuna wiki zamu zilinizidi. Nilichokataa ni kuruka wiki mbili mfululizo. Nilijifunza kwamba mwili haukumbuki siku moja uliyojitoa sana. Unakumbuka ulichofanya kila wiki.

Siku ya mbio kulikuwa na ukungu na mvua nyepesi. Simon Fell niliupanda polepole, bila kusimama. Nilipata pancha moja tu, nikaiziba kama niko jikoni. Nikafika Ribblehead nikiwa na dakika 24 mkononi. Yule mzee alikuwepo. Sijui kama alinikumbuka, ila alisema, "Nenda, nenda," nami nikaenda.

Pen-y-ghent unapanda na kushuka kwa njia ile ile. Kwa hiyo wakati wewe unapanda, walio mbele yako wanashuka kwa kasi, mawe yanaruka. Mshindi huwa ameshamaliza kwa takribani saa tatu, mimi huo ulikuwa ndio muda wangu wa kuanza kutubu. Nusu ya mlima miguu ilikaza, sikuweza kuendesha wala kukimbia. Nikatia ngata begani nikatembea. Sikufikiria ushindi, wala nchi, wala bendera. Nilifikiria wale wanaume wanane na machela. Wao hawakuwa na kituo cha muda wala chai. Kila mmoja alibeba zamu yake, akachoka, akampa mwenzake bega, na hakuna aliyesema mimi nimebeba milima miwili yatosha.

Nilimaliza kwa saa tano na dakika 20. Nyuma yangu hawakubaki wengi. Hakuna medali ya namba hiyo. Lakini nilipiga simu nyumbani nikamjibu mama swali lake. Nikamwambia: "Mama, penye barabara baiskeli inanibeba. Pasipo na barabara naibeba mimi, ili tufike wote." Akasema, "Haya. Sasa kapumzike, umezeeka."

Siku ile ile mjomba alipiga simu. Nilidhani ataahidi. Akasema hela imeshatumwa kwa mweka hazina. Ile laki moja ya mlima wa tatu alikuwa ameiweka kwenye bahasha mwaka mzima, ameandika juu yake "mlima wa tatu", na mkewe alikuwa ameambiwa asiiguse hata kwa ada ya shule. Nimeiona bahasha hiyo juzi. Na katika wale 19, 14 walilipa ya mwaka ule na ya mwaka wa pili kwa pamoja. Nawashukuru kwa dhati. Paa lilifungwa Novemba. Mmepita pale mkija, mmeliona.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, namalizia, na namalizia kwa kuomba, maana ndiyo kazi niliyotumwa.

Tutazame nyumba za miradi yetu, hapa na wilaya za jirani. Tunajua kuanza. Msingi tunauchimba kwa nyimbo. Kuta zinapanda kwa sababu bado tuna ari, na picha zinapendeza kwenye simu. Halafu tunafika kwenye lenta, wageni wameondoka, Januari imeingia na ada za shule, na nyasi zinaota ndani ya jengo. Huo ndio mlima wa tatu. Si mrefu kuliko mingine. Pen-y-ghent ndiyo fupi kuliko zote. Unatushinda kwa sababu tunaufikia tukiwa tumechoka, na tulijiandaa kwa miwili.

Chumba chetu kina paa, lakini hakijapokea mama hata mmoja. Kamati imesoma mahitaji: vitanda sita na magodoro, tangi la maji la lita 5,000 na mifereji ya kuvuna mvua, choo, jiko la nje, na taa za jua. Jumla ni shilingi milioni 14 na nusu.

Siombi mtu asimame hapa leo aahidi milioni kwa makofi. Makofi tumeyapiga sana. Naomba watu 300 watoe shilingi 5,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Hiyo ni 60,000 kwa mtu, na milioni 18 kwa sisi sote. Itatosha, na kitabaki cha kuanzia dawa. Asiyeweza 5,000 atoe 2,000, lakini aitoe kila mwezi. Mwenye uwezo zaidi achukue kitanda kizima, mradi asichukue kwa maneno. Waweka hazina wa matawi wana daftari, na risiti zinatolewa. Mwezi ukikupita, usikae kimya kwa aibu. Lipa unaofuata uendelee. Nimewaambia, hata mimi niliruka wiki. Usiruke mbili mfululizo.

Na kwa vijana wetu: msaragambo wa kuchimba shimo la choo na kusawazisha kiwanja ni Jumamosi hii saa moja asubuhi. Nitakuja na jembe. Baiskeli nimeiacha Bradford, ngata nimekuja nayo.

Yule mtoto aliyezaliwa chini ya migomba sasa anatembea. Mama yake yuko hapa, amekaa upande wa kulia karibu na mlango, na ana ujauzito wa miezi mitano. Hesabuni wenyewe anatarajia mwezi gani, na kama vitanda vitakuwepo.